Sura ya Tano: Kifaa Kianzie kwa Mwalimu

Sensa ya watu na makazi ya Agosti 2022 ilipomalizika, serikali ya Tanzania ilibaki na shehena ya vishikwambi ambavyo makarani walikuwa wamevitumia kuhesabu watu. Kabla mwaka haujaisha, vikaanza kugawiwa walimu wa shule za umma. Hakukuwa na nadharia kubwa ya elimu nyuma ya uamuzi huo. Vifaa vilikuwepo, vilikwisha kulipiwa, na walimu walivihitaji. Jirani yake Kenya alikuwa ameanza na nadharia. Muungano wa Jubilee uliingia katika uchaguzi wa 2013 na ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa baada ya mivutano ya kisheria, kompyuta zikageuka kuwa vishikwambi, ugawaji ukaanza 2016, na ndani ya miaka mitatu hivi vifaa zaidi ya milioni moja vikawa vimefikishwa kwenye shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Mwalimu hakusahauliwa kabisa: pamoja na projekta na seva ya maudhui, kila shule ilipata vifaa viwili vya walimu. Viwili, kwa shule nzima. Nchi moja ilimpa mwalimu kifaa kwa sababu kilikuwa kimebaki, nyingine ilimpa mtoto kwa sababu ilikuwa imepanga. Naona kilichotokea Tanzania kwa bahati kina busara zaidi kuliko kilichopangwa Kenya, na ushahidi mzuri kuliko wote wa kuthibitisha hilo unatoka Kenya kwenyewe.

Wazo la kifaa kwa kila mtoto halikuzaliwa Nairobi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, profesa wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa One Laptop per Child. Imani yake ilikuwa kwamba mtoto akipewa kompyuta imara na ya bei nafuu atajifundisha mengi mwenyewe, hata pale ambapo mwalimu ni dhaifu au hayupo. Rwanda iliagiza kompyuta hizo zaidi ya laki mbili. Peru ilikwenda mbali zaidi kuliko nchi yoyote, ikanunua zinazokaribia milioni moja, na kwa heshima yake ikakubali zipimwe. Watafiti walilinganisha shule za vijijini zilizozipata na ambazo hazijazipata, shule 319 kwa jumla, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Kompyuta zilikuwa zimefika kweli, hata kuzidi idadi ya watoto katika shule zilizopewa, na watoto walizitumia. Hata hivyo, katika hisabati na katika lugha hapakuonekana tofauti yoyote ya maana. Mtu angeweza kusema kwamba miezi kumi na kitu ni michache mno kuona matunda. Ndiyo maana ufuatiliaji wa muda mrefu, uliowatazama wanafunzi wa shule hizo baada ya takriban miaka kumi, una uzito wa pekee. Ulikuta wanafunzi wamepata ujuzi zaidi wa kutumia kompyuta, lakini maendeleo yao ya masomo yalikuwa yale yale ya wenzao.

Sababu yake haifichiki kwa anayejua kipindi cha darasani kinavyokwenda. Chukua darasa la watoto themanini na kipindi cha dakika 40. Kugawa vifaa, kuviwasha, kumsaidia ambaye chake kimeganda, kuwaunganisha watatu watatu kwenye vilivyobaki na chaji, kisha kuvikusanya na kuvihesabu kabla ya kengele, ni kazi inayoweza kumeza nusu ya muda. Mwalimu mkuu anayejua kwamba kikiibiwa kimoja ataandika maelezo hadi wizarani anafanya jambo la akili kabisa: anavifungia stoo. Kikwazo kikubwa zaidi ni cha aina nyingine. Mtoto wa darasa la pili asiyesoma vizuri hajakosa maudhui. Amekosa mtu wa kugundua kwamba anakariri mstari badala ya kuusoma, kwamba herufi mbili zinamchanganya, na wa kumrudisha nyuma hatua moja leo hii kabla darasa halijamwacha. Kugundua, kuamua, kurudisha majibu kwa mtoto: hizo ndizo kazi za ualimu zinazokwama kwenye darasa kubwa. Kishikwambi kilichojaa picha za wanyama hakizigusi.

Turudi Kenya, kwenye Kaunti ya Kisumu. Huko lilifanyika jaribio ambalo nadhani lilistahili kusomwa na kila waziri wa elimu wa kanda hii kabla hajatia saini zabuni. Chini ya mradi wa kusoma na hisabati uitwao PRIMR, shule ziligawanywa makundi. Kundi moja wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, la pili walimu walipewa vishikwambi, na la tatu vishikwambi vikaenda kwa maafisa wanaozunguka shuleni kuwasaidia walimu. Makundi yote yalikuwa na vitabu vizuri, miongozo ya mwalimu na mafunzo, na yote yaliwapita kwa usomaji watoto wa shule za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuwa na mafundisho mawili. Makundi hayo matatu hayakutofautiana kwa kiwango cha maana, kwa hiyo kununua mamia ya vifaa kwa ajili ya watoto hakukuleta zaidi ya kununua vichache kwa ajili ya afisa. Na ukipiga hesabu ya gharama, mradi wenyewe bila kifaa chochote, yaani vitabu, miongozo na mtu wa kumtembelea mwalimu, haukuzidiwa na wowote wenye vifaa.

Kisha likafanyika jambo lisilo la kawaida: ushahidi ukafuatwa. Programu ya kitaifa ya Tusome, iliyoanza 2015 kwa ufadhili mkubwa wa Marekani, haikuweka kishikwambi mikononi mwa mtoto hata mmoja. Mtoto alipata kitabu cha karatasi, cha Kiswahili na cha Kiingereza, kimoja kwa kila mwanafunzi. Mwalimu alipata mwongozo. Kishikwambi kilipewa afisa wa mitaala, na walikuwa maafisa zaidi ya elfu moja nchi nzima. Afisa alifika darasani akatazama somo, akajaza alichokiona, akawaita watoto watatu wasome kwa sauti huku kifaa kikihesabu maneno yao kwa dakika, halafu akakaa na mwalimu kujadili somo lilivyokwenda. Kifaa kilinasa mahali alipo, kwa hiyo ziara ya kuandikwa tu kwenye daftari ukiwa umekaa ofisini haikuwezekana, na takwimu zilipanda hadi kaunti na Nairobi. Tathmini zilionyesha usomaji ukipanda kwa kiwango ambacho ni nadra kukiona kwenye programu ya nchi nzima. Ni kweli kwamba vitabu na mafunzo vilichangia sehemu kubwa, na siwezi kukipa kishikwambi sifa zote. Lakini tazama kilichofanywa na teknolojia hapa: ilihakikisha mtu mzima mmoja anamtembelea mtu mzima mwingine na kuzungumza naye kuhusu watoto watatu waliosoma dakika tano zilizopita. Katika miaka hiyo hiyo, ndani ya shule hizo hizo, vishikwambi zaidi ya milioni moja vya darasa la kwanza vilikuwa vinatafuta kazi ya kufanya. Baadaye serikali yenyewe ikaanza kuzungumzia maabara za kompyuta badala ya kifaa cha kila mtoto.

Tanzania ina karibu vyote vinavyohitajika kufanya kitu kama hicho. Maafisa elimu kata wapo, na wengi wao walipewa pikipiki. Walimu wana vishikwambi. Taasisi ya Elimu imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao bila malipo, na mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni kwao kujadili ufundishaji. Kinachokosekana ni uzi wa kuvishona: ziara ya afisa bado huishia mara nyingi kwenye kukagua azimio la kazi na andalio la somo, wakati watoto wasiojua kusoma wamekaa mita tatu kutoka alipo.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu linatoka Tanga, na itakuwa si haki kulipita kimyakimya. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 2,700 wa miaka saba hadi kumi na mmoja, katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Programu zilikuwa za Kiswahili, na hapakuwa na mwalimu. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu, na timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Basi Negroponte alikuwa sahihi? Kwa mtoto ambaye shule haipo karibu naye, au ambaye familia inamhitaji machungani, jibu langu ni kwamba kishikwambi chenye programu nzuri ya lugha anayoijua ni bora mara nyingi kuliko chochote anachokipata sasa, na kumnyima kwa kusubiri mwalimu ambaye hajaajiriwa ni ukatili. Lakini tusiyavute matokeo hayo hadi pale yasipofika. Kila kijiji kilikuwa na mama aliyesimamia vifaa, akavichaji kwa umeme wa jua na kuwahimiza watoto. Nusu nyingine ya watoto ilibaki haijui kusoma hata neno baada ya mwaka na robo. Na Tanga ililinganisha kifaa na hali ya kutokuwa na kitu, wakati swali la mwalimu mkuu wa Mbagala au Kibera ni jingine: nina walimu kadhaa, nina watoto wengi, nina fedha kidogo, nianzie wapi?

Kwa swali hilo Delhi inasaidia zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wanafunzi wa darasa la sita hadi la tisa waliosoma baada ya saa za shule kwa programu iitwayo Mindspark, ambayo humpima mtoto na kumpa maswali ya kiwango chake halisi, hata kama kiko madarasa mawili nyuma ya darasa alilokalia. Kwa miezi minne na nusu tu, mafanikio ya hisabati na Kihindi yalikuwa makubwa sana. Mashabiki wa teknolojia huutaja mara kwa mara, na wana haki. Wasichokitaja ni kwamba kila kikao cha dakika 90 kiligawanywa: nusu kwenye kompyuta, nusu katika kikundi kidogo na mwalimu msaidizi. Na siri ya programu yenyewe ni ile ile ya mwalimu mzuri, kumkuta mtoto pale alipo. Mashine ilifanya kwa watoto wengi kwa pamoja kile ambacho mwalimu wa watoto themanini hushindwa kukifanya peke yake. Ningefurahi kuona maabara ya namna hiyo kwenye kila shule ya kata yenye umeme wa uhakika, ikisimamiwa na mwalimu anayeelewa ripoti zake.

Palipo na umeme wa mashaka, funzo bora liko kwenye simu ya kitochi. Shule za Botswana zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, watafiti walizifikia kaya zaidi ya 4,500. Baadhi zilipokea ujumbe mfupi wa simu wenye hesabu za wiki. Nyingine zilipokea ujumbe ule ule, kisha zikapigiwa simu mara moja kwa wiki, mwalimu akizungumza na mzazi na mtoto kwa dakika chache, wakizipitia hesabu pamoja. Ujumbe peke yake haukuleta mabadiliko ya kutegemewa. Ujumbe na sauti ya mtu ulileta, tena kwa gharama ndogo. Jaribio lilirudiwa baadaye katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo yakasimama, hata pale wapigaji walipokuwa walimu wa kawaida wa serikali. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini, hasa na wafadhili, ni kwamba walimu wetu wenyewe ndio tatizo, hivyo kifaa kiwaruke kimfikie mtoto. Wapo walimu watoro, na wapo wasiolimudu somo wanalofundisha. Hata hivyo mwalimu yule yule wa serikali, akipewa kazi moja iliyo wazi, watoto wachache kwa wakati mmoja na mtu wa kumuuliza ilikwendaje, hufundisha. Ile ziara ya afisa wa Tusome ilifanya kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Mitandao ya kijamii nayo naipima kwa kipimo hicho. Tayari imo shuleni, iwe kwa ruhusa au bila ruhusa, na mahali ilipoota mizizi zaidi ni kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambako walimu wengi ni wakimbizi wasiopitia chuo cha ualimu, mradi wa Chuo Kikuu cha Columbia uliunganisha mafunzo ya ana kwa ana, wakufunzi wa kambini, na washauri wa mbali waliozungumza na walimu kupitia WhatsApp kwa miezi kadhaa. Mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya mia aliuliza jinsi ya kuwapanga, na akajibiwa na mwenzake wa kambi hiyo hiyo aliyekwishalijaribu. Grupu la namna hiyo lina mada, lina msimamizi, na lina watu waliowahi kuonana. Magrupu mengi ya shule zetu hayana sifa hizo: waraka wa wilaya, agizo la takwimu zinazotakiwa kabla ya saa mbili asubuhi, michango ya msiba, video ya mahubiri, na katikati yake mwalimu wa hisabati aliyeuliza jinsi ya kufundisha sehemu na hakujibiwa na mtu. Grupu moja la walimu wa somo moja kwenye kata moja, lenye swali moja kwa wiki na picha za madaftari ya wanafunzi yenye makosa ya kujadiliwa, majina yakiwa yamefunikwa, lingefaa kuliko programu nyingi zinazouzwa kwa dola.

Kwa wanafunzi niko mgumu zaidi. Katika upimaji wa kimataifa wa wanafunzi uitwao PISA, wa mwaka 2022, asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD, nyingi zikiwa tajiri, walisema huvurugwa na vifaa vya kidijitali angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati, na hizo ni nchi zenye madarasa madogo na walimu wengi. Utafiti wa shule za miji minne ya Uingereza ulikuta kwamba shule zilipopiga marufuku simu, matokeo yalipanda, na walionufaika zaidi ni wanafunzi waliokuwa nyuma. Wale wa juu hawakuguswa. Kwa hiyo anayedai kwamba simu darasani ni suala la usawa anapaswa kuueleza utafiti huo. Kuna pia suala la picha na taarifa za watoto. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na Tanzania ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyopitishwa 2022. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza bidhaa za kujifunzia mtandaoni zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga, lilikuta asilimia 89 zina mienendo inayohatarisha au kukiuka haki za watoto, nyingi zikifuatilia taarifa zao. Mwalimu anayewafungulia akaunti watoto wa miaka kumi na mbili ili wapokee kazi ya nyumbani amewaingiza sokoni bila wao kujua.

Hapo huulizwa: je, tuwaache watoto wamalize shule hawaijui dunia watakayoishi? Swali ni halali, ila linachanganya kifaa na maarifa. Kubonyeza skrini mtoto hujifunza kwa wiki moja, na Peru ilionyesha kwamba ustadi huo hauvuki kwenda kwenye somo jingine. Kinachochukua miaka ni kujua kama alichokisoma ni kweli. Na hilo mwalimu wa Kiswahili anaweza kulifundisha kwa chaki. Anaandika ubaoni ujumbe uliosambazwa na maelfu, ule wa dawa ya mitishamba inayotibu kila ugonjwa au wa ajira elfu kumi zinazoombwa kwa kutuma ada ya fomu, na darasa linahoji: nani amesema, lini, jina la mtaalamu liko wapi, kwa nini sentensi ya mwisho inatuhimiza tutume kwa watu ishirini, kwa nini namba ya kupokea ada ni ya mtu binafsi? Hapo kuna ufahamu, kuna rejesta, kuna uandishi wa barua ya kujibu. Kifaa kinachohitajika ni simu ya mwalimu, aliyeutoa ujumbe huo kwenye grupu la ukoo.

Linabaki jambo ambalo wapangaji huliona dogo. Kishikwambi cha bure kinakula bando, na bando la mwalimu linatoka mfukoni mwake. Kioo kikipasuka, fundi yuko mjini. Akihamishwa kituo, haijulikani kifaa ni chake au ni cha shule. Ruzuku ya shule ina fungu la chaki na karatasi, na sioni sababu ya kukosa fungu la bando na matengenezo, dogo lakini la uhakika, likikaguliwa kama mengine. Gharama ya kumwezesha mwalimu mmoja kuwa mtandaoni mwaka mzima, ukiigawa kwa watoto wake themanini, ni ya kalamu chache kwa kila mtoto. Mkurugenzi wa halmashauri anayetafuta mahali pa kuanzia anaweza kuanza hapo mwezi Julai, bajeti mpya inapofunguliwa, bila kusubiri zabuni ya mtu.